Jinsi ya Kumsomea Mtoto Mdogo Kitabu cha Picha cha Majira ya Mwaka

Kitabu cha picha kinachohusu majira ya mwaka huonekana chepesi kuliko vitabu vyote vya watoto: mti mmoja, nyumba moja, jua, mvua, majani yanayopukutika, na chini ya kila picha sentensi moja au mbili. Wepesi huo huwadanganya watu wazima wengi. Humpakata mtoto, hufungua ukurasa wa kwanza, husoma hadi mwisho kwa dakika nne, kisha hushangaa kwamba mtoto aliteremka mapajani walipofika ukurasa wa tatu akaenda zake kuchezea funguo. Kosa si la mtoto. Mtoto wa miaka miwili hana mwaka kichwani mwake. Kwake "jana" ni neno linalobeba kila kilichopita, na miezi mitatu ijayo haipo kabisa. Kitabu kinachosimulia miezi 12 humtaka aone mabadiliko ambayo hajaishi muda wa kutosha kuyashuhudia. Kwa hiyo maelekezo haya yanasimama juu ya jambo moja: kitabu cha majira hakisomwi kwa siku moja, bali husomwa kwa mwaka mzima, ukurasa ukiifuata hali ya hewa iliyopo dirishani, na mtoto akipewa vitu vya kuona na kugusa kabla ya kupewa majina ya majira.

Kuchagua kitabu

Kigezo cha kwanza ninachokitafuta, na ambacho nakiweka mbele ya uzuri wa rangi, ni mahali pamoja panaporudiwa. Kitabu kinachoonyesha mti uleule, kilima kilekile na dirisha lilelile katika kila majira humpa mtoto kitu cha kulinganisha: hapa majani yalikuwapo, hapa hayapo. Kitabu kinachoruka kutoka ufukweni penye jua hadi mlimani penye theluji kinaweza kuwa kizuri sana, lakini mtoto huona ndani yake mahali tofauti, si wakati tofauti, maana hakuna kilichobaki vilevile ili kile kilichobadilika kijitokeze. Kabla ya kukichukua kitabu, fungua ukurasa wa majira ya kwanza, weka kidole juu ya kitu kimoja, kisha kitafute kitu hicho katika ukurasa wa majira ya mwisho. Usipokipata, kirudishe kitabu rafuni, au kichukue kwa sababu nyingine.

Kigezo cha pili ni umbo la kitabu chenyewe. Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja na nusu, chagua kurasa za kadibodi nene zenye pembe za mviringo, kwa sababu atakitafuna, na kukitafuna ni sehemu halali ya usomaji wa umri huo. Vitabu vingi vya picha vya karatasi huwa na kurasa 32, idadi inayotokana na jinsi karatasi kubwa za uchapaji zinavyokunjwa na kukatwa. Vile vya kadibodi huwa vifupi zaidi, na kwa mtoto anayeanza, ufupi huo ni neema. Picha zenye mambo mengi, ambamo watu thelathini wanafanya shughuli thelathini, humchosha mtoto wa miezi minane lakini humshibisha yule wa miaka mitatu, ambaye anaweza kumtafuta paka mmoja kutoka ukurasa hadi ukurasa na asichoke hata wewe ukiwa umechoka.

Kuhusu maneno, nina neno moja tu. Vina ni vitamu masikioni mwa mtoto, lakini tafsiri nyingi hulazimisha vina mpaka sentensi ikapinda. Soma ukurasa mmoja kwa sauti kabla ya kukichagua kitabu. Ulimi wako ukijikwaa mara mbili, utajikwaa kila usiku.

Kuyaita majira kwa majina

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapohitaji uangalifu kuliko wa lugha nyingine nyingi. Vitabu vingi vya majira vimechorwa kwa kufuata mwaka wa sehemu zilizo mbali na ikweta, wenye machipuko, joto, mapukutiko na baridi. Kiswahili kina majina yake ya kale, nayo yaligawa mwaka kwa mvua, pepo na joto: masika ni majira ya mvua ndefu, vuli ni ya mvua fupi, kiangazi ni ya jua na ukavu, kipupwe ni ya ubaridi. Kamusi na wafasiri huyachukua majina haya na kuyavika picha zisizo zao, hivyo mtoto anaweza kuona mti wenye majani mekundu yanayoanguka na kuambiwa kwamba hiyo ni vuli, kisha wiki mbili baadaye akasikia watu wazima wakisema mvua za vuli zimeanza. Neno moja, sura mbili.

Hakuna anayeweza kulimaliza tatizo hilo nyumbani kwake, lakini unaweza kuamua. Kwa picha za miti inayopukutisha majani na kuchipua upya, mimi hupendelea maneno yanayoeleza yenyewe: majira ya machipuko, majira ya joto, majira ya mapukutiko, majira ya baridi. Masika, vuli, kiangazi na kipupwe nayaacha kwa hali ya hewa inayoitwa hivyo na wale wanaoishi ndani yake. Ukichagua njia nyingine, ishike hiyohiyo. Mtoto hadhuriki kwa jina usilolipenda; huchanganyikiwa jina linapobadilika kila mara kitabu kinapofunguliwa.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, hata majina hayo yanaweza kungoja. "Siku za baridi" na "siku za mvua" zinatosha, kwa kuwa baridi anaijua kwa ngozi yake na mvua anaijua kwa miguu yake.

Yafaa pia mtu mzima ajue kwa nini majira yapo, asije akafundisha kosa. Watu wengi hudhani kwamba joto huja dunia inapolikaribia jua. Sivyo. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kwa umbali wa kilomita milioni 147 hivi, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kwa umbali wa milioni 152 hivi. Ilhali Januari ndio wakati wa baridi kali katika nusu ya kaskazini. Sababu ni kwamba mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23.5 hivi, hivyo upande mmoja huelekea jua kwa miezi kadhaa, ukapata siku ndefu na miale inayoshuka wima zaidi, kisha zamu hiyo ikauendea upande wa pili. Ndiyo maana kusini mwa dunia joto huja Desemba, na ndiyo maana karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana, mwaka hugawanywa zaidi na mvua kuliko na baridi. Haya usimwambie mtoto wa miaka miwili. Yaweke kwa ajili ya kaka au dada yake wa miaka saba anayesikiliza mlangoni huku akijifanya hasikilizi.

Kusoma kwa kufuata umri

Mtoto mchanga huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni pake, na michoro yenye tofauti kubwa kati ya giza na mwanga humvuta kuliko rangi zilizofifia. Mshike karibu, onyesha ukurasa mmoja, sema maneno machache kwa sauti ya taratibu, kisha acha. Dakika mbili zinatosha. Katika umri huu anachosoma hasa ni sauti yako na uso wako. Kitabu ni kisingizio kizuri.

Kuanzia miezi sita hadi mwaka mmoja, mikono huingia kazini. Mwaka 1998 mwanasaikolojia Judy DeLoache na wenzake walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba watoto wa miezi 9, nchini Marekani na vilevile Kodivaa, walijaribu kuvishika vitu vilivyo katika picha kana kwamba vingeweza kunyanyuliwa kutoka karatasini, na kwamba wafikapo miezi 19 wengi huacha kushika na kuanza kuonyesha kwa kidole. Ukiujua mwendo huo hutamkemea mtoto anayelikwangua tone la mvua kwenye ukurasa. Anauliza, kwa njia aliyo nayo, kama tone hilo ni la kweli. Mjibu kwa kitu: mpeleke bombani, achovye kidole majini, kisha mrudishe kitabuni. Picha ya jani iwe na jani halisi kando yake, kubwa na safi, ukiwa na uhakika kwamba mmea huo hauna sumu, nawe ukimwangalia asilitie mdomoni. Mbegu, kokoto na vipande vidogo vya barafu visifike mikononi mwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, maana humpalia kirahisi.

Baada ya mwaka mmoja, kidole huwa ndicho ulimi wake. Ataonyesha jua, atakutazama, atangoja. Lifuate jicho lake, usiufuate mstari wa maandishi. Kama ukurasa una sentensi nzuri kuhusu ndege wanaorudi kutoka safarini na mtoto ameganda kwenye kiatu kilichosahauliwa nje penye mvua, zungumzia kiatu. Kimelowa chapachapa. Cha nani? Nani atakileta ndani? Ndege watarudi kesho. Hiyo ndiyo kazi yao.

Sauti zina nafasi kubwa hapa, nasi hatuna upungufu wa sauti. Mtoto asiyeweza kutamka "mvua inanyesha" anaweza kusema "ndo, ndo, ndo" matone yanapodondoka, "chubwi!" mguu unapotumbukia dimbwini, na "vuu!" upepo unapopita. Chagua sauti moja kwa kila ukurasa na uirudie kila mara ukurasa huo unapofunguliwa. Baada ya siku chache utanyamaza makusudi na yeye ataitia sauti hiyo mahali pake. Huo ndio usomaji wake wa kwanza.

Kuuliza, kungoja na kurefusha

Kuanzia takriban mwaka mmoja na miezi tisa, namna ya kusoma inapaswa kubadilika, na hapa ushahidi upo. Mwaka 1988 mwanasaikolojia Grover Whitehurst na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa kwa watoto wa miezi 21 hadi 35, ambalo wazazi wa kundi moja walifundishwa, kwa muda wa mwezi mmoja tu, kuuliza maswali yanayomtaka mtoto aseme zaidi ya ndiyo na hapana, kuyarefusha majibu yake na kumsifu, huku wazazi wa kundi la pili wakiendelea kusoma kama walivyozoea. Watoto wa kundi la kwanza walitoka mbele ya wenzao katika vipimo vya kujieleza kwa maneno. Kilichotofautisha makundi hayo hakikuwa wingi wa kusoma, bali ni nani aliyekuwa akizungumza.

Kitabu cha majira kinaufaa mtindo huu kwa sababu kila picha ina kitu kinachotendeka. Usiulize, "Je, huu ni mti?", maana atatikisa kichwa na mazungumzo yataishia hapo. Uliza, "Mti umefanyaje?" au "Mama huyu amevaa nini leo?", kisha ngoja. Kungoja ndiko kugumu kuliko yote. Hesabu moyoni hadi tano bila kulijaza pengo kwa jibu lako mwenyewe, kwa sababu mtoto wa umri huu anatafuta neno katika ghala ambalo bado halijapangwa, na mtu mzima akimjibia upesi mara kumi, mara ya kumi na moja hatalitafuta.

Jibu likija, hata likiwa neno moja, lipokee na ulirudishe likiwa refu kidogo. Akisema "majani", wewe sema, "Ndiyo, majani yameanguka." Siku nyingine, mkiwa mmeshika moja mkononi, sema, "Jani limeanguka." Kwa namna hiyo anapata kitu ambacho hakuna somo la sarufi litakalompa kwa wepesi huo: jani ni li-, majani ni ya-, mti umechipua, miti imechipua, wingu limetanda, mawingu yametanda. Ukurasa wa majira umejaa vitu vilivyo kimoja na vilivyo vingi, na upatanisho wa kisarufi huingia masikioni bila kutajwa. Akikosea, akasema "jani imeanguka", usimkatize kwa kumsahihisha. Rudia kwa usahihi, kama mtu anayekubaliana naye, muendelee.

Kuhusu theluji na mambo ambayo mtoto hajayaona

Karibu kila kitabu cha namna hii kina ukurasa wa theluji, na kwa watoto wengi duniani ukurasa huo ni hadithi tupu. Wapo wanaouruka, mimi nadhani ni hasara. Kitu kisichoonekana dirishani kinaweza kusomwa, ila lazima kifungwe kwenye kitu kinachojulikana. Chukua bonge kubwa la barafu kutoka kwenye friza, liweke kwenye bakuli, mtoto aliguse, aone ubaridi wake na jinsi linavyogeuka maji. Kisha rudi kwenye picha na useme kwamba theluji ni barafu laini inayoanguka kutoka mawinguni, vipande vidogo sana, vyepesi, kimyakimya. Neno "kimyakimya" lina maana hapa, kwa sababu mvua ina sauti na theluji haina, na mtoto aliyekwisha kuzoea "ndo, ndo, ndo" atalistaajabia hilo kuliko weupe wake.

Kutumia pamba kama theluji ni desturi iliyoenea, lakini haina msaada mkubwa. Pamba ni nyeupe, ndiyo, ila ina joto na haiyeyuki, yaani inakosa sifa mbili ambazo ndizo theluji yenyewe. Kwa mtoto ambaye theluji ni jambo la kila mwaka, kazi ni kinyume chake: ukurasa wa kufungwa kwenye kitu cha mkononi kwake huenda ni ule wa joto kali, unaosomwa katikati ya miezi ya giza.

Mwaka mzima na kitabu kimoja

Siku ya mvua, fungua ukurasa wa mvua tu. Simama naye dirishani kwanza, tazameni, sikilizeni, kisha keti chini mkitafute katika kitabu kile mlichokiona: mwavuli, dimbwi, mtu anayekimbia. Majani yakianza kupukutika, nenda kwenye ukurasa wake. Jua likiwa la utosi, vivyo hivyo. Mtoto akitaka ukurasa mwingine, mpe, na akitaka uleule mara nane mfululizo, mpe pia, maana katika kurudia hupata kila mara kitu ambacho hakukiona. Akianza mwisho akaja mwanzo, hajaharibu chochote. Majira ni duara, na kitabu cha majira ni miongoni mwa vitabu vichache vinavyoweza kuanzia popote.

Nguo ni msaada mwingine ulio karibu. Weka mbele yake koti, kofia ya jua na viatu vya mvua, fungua ukurasa mmoja, muulize mtu aliye katika picha angevaa nini. Watoto wa miaka miwili na nusu huupenda sana mchezo huu, hasa ukijifanya umekosea na kumvisha mtu wa theluji kofia ya jua.

Kitabu kinachosomwa hivi kitachakaa. Kurasa za kadibodi zifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kiache kitabu kisimame kikiwa wazi hadi kikauke, kisije kikavimba. Ukurasa wa karatasi ukichanika, ubandike kwa utepe wa gundi unaopitisha mwanga, na uifanye kazi hiyo mtoto akiwepo, akushikilie upande mmoja.

Mwisho, tafuteni mti wenu. Uwe mti mnaoupita mara kwa mara, usio na lazima ya kuwa mzuri. Mpige mtoto picha akiwa amesimama chini yake mara moja kila mwezi, ukisimama mahali palepale na ukielekeza kamera upande uleule. Weka alama ya jiwe au hesabu hatua kutoka ukutani, kwa sababu picha zilizopigwa kutoka pande tofauti hupoteza kile tulichokitafuta tangu wakati wa kuchagua kitabu. Zichapishe, zibandike kwenye vipande vya kadibodi vyenye ukubwa sawa, toboa matundu mawili kushoto na uvifunge kwa uzi. Usiandike majina ya majira. Chini ya kila picha andika neno ambalo mtoto mwenyewe alilisema siku hiyo, hata kama ni "ndo, ndo". Picha ya kumi na mbili ikishabandikwa, fungua ile ya kwanza, ziweke zote mbili mbele yake, kisha hesabu moyoni hadi tano na umwache aseme.